Mashine Imehukumiwa, Mimi Bado

Marangu, Jumanne jioni

Eti ina macho! Ndivyo nilivyowatambia wanachama wa saccos yetu siku nilipoileta ile mashine kutoka mjini: inahesabu noti na kuzikamata zilizo bandia. Kumbe bandia zote ilizipitisha, tena kwa heshima.

Leo mahakamani Moshi hakimu ameuliza swali moja tu: mashine hii ina kibali cha Benki Kuu? Nikamwonyesha risiti ya dukani. Hongera, meneja msomi. Ameamuru itaifishwe na iharibiwe, na sisi tumepigwa faini.

Kinachoniuma ni Mzee Elinami, keshia wetu wa zamani. Yeye noti bandia aliitambua kwa kuipapasa tu. Nilimwondoa mimi, tena mbele ya watu: "Mzee, vidole vimechoka."

Nikirudi nimekutana naye njiani.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Mashine yako haijambo?"

Nimeaga haraka, nikashika njia.

Kesho nitakata jani la sale, nikamwombe radhi, na arudi kazini. Kwa mila yetu, anayeombwa kwa sale hakatai kusamehe. Radhi hawezi kuninyima.

Vidole anaweza.