Hisa za Baba kule Mlandege

Jumatatu, 3 Machi

Mvua tangu asubuhi. Nimefungua kibanda hapa Iyunga, simu za kubadilisha vioo zimejaa meza. Mtindi umefika kutoka Iringa. Nimepanga kwenye friji, nimekunywa mmoja. Huwa nakunywa mmoja. Najiambia ni ukaguzi wa mwekezaji.

Maana mwekezaji ndio mimi! Kiwanda cha mtindi huu ni cha Mama Neema, kule Mlandege, Iringa. Kampuni ya familia, hisa aina mbili. A zina kura: anazo yeye na wanae, Neema na Festo. B hazina kura, unakula gawio tu. B ndio zetu, mimi na Baba. Nilijifunza yote kwenye simu, video juu ya video, kichwa kikawaka, nikamshawishi Baba auze madume yake ya ng'ombe huko Usangu tununue hisa.

Mpaka leo siamini alikubali.

Alhamisi, 6 Machi

Daah.

Dereva wa mtindi karopoka. Festo kapata tajiri anataka kiwanda. Anataka A tu. B zibaki zilivyo.

Nimeelewa hapo hapo. Mwenye kura anaondoka na hela nzuri. Sisi tunabaki na mtu tusiyemjua, na akiamua gawio hakuna, hakuna. Na hizo B nitamuuzia nani? Nimesoma katiba ya kampuni yote, nimeisoma tena. Hakuna mstari unaotulinda. Hata mmoja.

Chai imenishinda. Ingekuwa hela yangu ningelia nikanyamaza. Ni madume ya Baba.

Jumapili, 9 Machi

Nimempigia Baba baada ya ibada. Nimeeleza A, nimeeleza B, nimeongea haraka mpaka nikajichanganya.

Kumbe yeye siku zote alijua kamkabidhi Mama Neema ng'ombe. Kwetu Wasukuma ni kawaida: unampa mwenzio ng'ombe akutunzie, anakunywa maziwa, ng'ombe anabaki wako. Na nyumba zenu zinakuwa ndugu.

"Hapana Baba. Hapa kauli anayo yeye."

"Ana ng'ombe wangu, na kauli ni yake?"

"Ndiyo."

"Nani kakufundisha hivyo?"

"Simu."

Kacheka mpaka akakohoa.

Halafu likatoka lingine. Kila mavuno anamtumia Mama Neema gunia la mchele. Kila mavuno! Wanapigiana simu, wanajuliana hali. Nimeona aibu. Mwekezaji gani anahonga kampuni mchele?

Jumanne, 11 Machi

Nimemwandikia Festo meseji ndefu, kali, ya kisheria. Kajibu: "Dogo, wewe kunywa mtindi. Kura tuachie wenye kura."

Namchukia. Kibaya zaidi, kikatiba yuko sahihi.

Mkutano Jumamosi. Baba anasema anakuja. Nimemwomba asiongee. Kasema anaenda kumsalimia mwenzake tu.

Jumamosi, 15 Machi

Naandika kabla sijasahau kitu.

Baba kapandia basi Igawa. Koti lake la harusini, kofia, fimbo. Nimempisha dirishani kama mtoto.

Mkutano ulikuwa chumba cha nyuma kiwandani. Wenye B tumewekwa benchi la ukutani. Kusikiliza ruksa, kusema hapana. Mama Neema kaingia anachechemea, kamwona Baba, kaacha kiti chake mbele na kuja kwetu. "Kamwene, baba! Ng'ombe hawajambo? Na mama?" Salamu hazikuisha. Festo akaguna: "Mama, hao hawamo kwenye ajenda."

"Mchele wake unaula kila siku. Ulishawahi kuuliza kama umo kwenye ajenda?"

Watu wakacheka. Mimi sikucheka, maana Baba alikuwa anasimama. Nilimvuta koti. Akasimama tu.

Akasema hakuja kubishania bei. Amekuja asikie kwa kinywa cha Mama mwenyewe kama anahamisha ng'ombe. Kwao mtu hasikii habari hiyo kwa dereva. Akakaa.

Nilitamani ardhi inimeze.

Mama Neema aliinamisha kichwa. "Nilitakiwa nikupigie," akasema. "Niliona haya." Akasema kweli anauza, miguu imemchosha, hataki kufia kwenye mapipa ya maziwa. Ila mnunuzi atachukua zote, A na B, bei moja. Hataki, aende.

Festo akaruka. "Mama, bei yetu itashuka!"

"Itashuka."

Mama akanyoosha mkono. Neema akanyoosha wa kwake. Festo akatoka, mlango akaubamiza.

Sikuwa na kura, lakini nilijikuta na mimi mkono uko juu. Neema ameniona. Kacheka.

Jumapili, 16 Machi

Kurudi, Baba kanisinzilia begani mpaka Igawa. Ndevu nyeupe zote. Zimekuwa nyeupe lini?

Sikutaka kumwamsha. Nimemwamsha.

Alhamisi, 27 Machi

Mnunuzi kakubali. Hela ya Baba imeingia, yote, na faida kidogo. Nimempigia kumwambia. Hakuuliza ni kiasi gani. Kauliza kama nimemshukuru Mama Neema.

Sijamshukuru. Nikampigia Mama Neema.

Yuko kibarazani anachambua maharage. Anasema alfajiri bado anaamka kusubiri magari ya maziwa, halafu anakumbuka. Festo hajamsemesha tangu mkutano. Kasema hilo taratibu, kama anaongelea mvua. Nikabaki hewani, na yeye hakukata, nasikia maharage yanadondoka kwenye ungo.

Sina hisa hata moja Iringa sasa. Jumamosi nafunga kibanda, naenda kumsalimia.