Tisa na Mama

Chanji, Sumbawanga
Jumatatu

Kaka Danieli,

Shikamoo. Natumaini mguu wa Mama umepungua uvimbe, na kwamba wifi na watoto hawajambo hapo Arusha. Mimi ni mzima, ila baridi ya huku inanitesa. Nafundisha nimevaa sweta mbili. Pia nimekasirika, na sitaki kuifunika hasira yangu kwa salamu. Naandika kwenye karatasi kwa sababu kwenye simu huniachi nimalize sentensi.

Kwanza ujue ninavyoishi. Kule shuleni Pito, kwa vile Jumamosi sifundishi na kitimoto sili, mkuu wa shule aliniandika Msabato. Nikamwambia mimi si Msabato, ni Myahudi. Akavua miwani. "Wale wa kwenye Biblia? Kumbe bado wapo?" Tangu siku hiyo sina amani. Redio ikitangaza lolote la Mashariki ya Kati, ofisi nzima ya walimu inanigeukia mimi, mtoto wa fundi cherehani wa Arusha, niwafafanulie. Mwalimu wa dini alitaka niwaeleze kidato cha pili jinsi tulivyoishi jangwani. Nilimjibu kwamba jangwa nimeliona kwenye atlasi, kama yeye.

Nilipoomba ruhusa nije kwenye kumbukumbu ya mwaka wa Baba, mkuu alikataa. Kidato cha nne wana mtihani wa majaribio na mwalimu wa hesabu ni mimi peke yangu. Wewe ukanituliza: baki huko, tutatimia wanaume kumi wanaotakiwa, Kadishi, sala ya kumkumbuka Baba, itasomwa. Nikakuamini.

Jana saa sita mchana ukanitumia ujumbe. "Hatukutimia. Baba mdogo ana homa. Tulikuwa tisa na Mama."

Kaka, mimi ndiyo kazi yangu hiyo. Tisa na Mama ni kumi.

Hoja yako naijua. Wayahudi wanaowahesabu wanawake ni wa huko ng'ambo, wako maelfu, wanaweza kujaribu mambo. Sisi tunaenea sebule moja, na tukilegeza tunakwisha. Si hoja ya kijinga. Hata Baba aliishikilia, na siku nyingine akaipinga, kutegemea nani yuko mezani. Lakini sebule yenyewe haijai, na bado tunatoa watu. Miaka arobaini Mama amewasha taa za Ijumaa na kuchambua mchele wa Pasaka punje kwa punje. Nusu ya sala alizozijua Baba, aliyemfundisha ni nani?

Sasa sikia yaliyonipata. Wiki iliyopita nilimlalamikia mama mwenye nyumba wangu, Mama Leokadia, kwamba sala ya baba yangu inataka watu kumi. Nilikuwa nalalamika tu. Yeye ni mwenyekiti wa jumuiya yao ya Kikatoliki hapa mtaani, na ukimwambia watu wa kumwombea marehemu hawatoshi, haulizi mara mbili. Jana baada ya misa, ujumbe wako bado nimeushika mkononi, nikasikia hodi. Watu ishirini na watatu, na mabenchi yao, na ndoo ya togwa ya ulezi.

"Ulisema kumi," akaniambia. "Nimezidisha kidogo, maana wenye watoto wachanga watatoka mapema."

Nilichoka. Nikawashukuru, nikawaeleza kwa upole wote niliobaki nao kwamba haiwezekani, wao hawahesabiwi. Wanaohesabiwa ni Wayahudi, tena wanaume. Nilisema kwa sauti yako kabisa, ile unayoitumia ukishakata shauri.

Hakuna aliyenuna. Mama Leokadia akafikiri kidogo. "Sawa. Na wewe mwanangu, katika hao kumi ungekuwa wa ngapi?"

"Mimi simo."

"Humo? Si ni baba yako aliyefariki?"

"Ni baba yangu."

Akavuta benchi, akakaa. "Basi sisi ambao hatumo tutakaa na wewe ambaye humo. Soma."

Nikasoma. Nilisimama hapo uani, nikaelekea kaskazini iliko Yerusalemu, nikasoma Kadishi ya Baba mwanzo hadi mwisho, kwa Kiaramu kile alichonifundisha mwenyewe huku akishona. Nilikuwa nimewaambia nikitua waseme amina, na wakaisema kwa nguvu, kama watu waliozoea kazi hiyo. Nililia, Kaka. Mwaka mzima nilikuwa sijalia. Kisha tukanywa togwa.

Usiniandikie kwamba haikuhesabiwa. Najua. Wale ni Wakatoliki na mimi ni Myahudi, na jana hakuna aliyelichanganya hilo. Kinachoniuma ni Mama. Nawaona mlivyokuwa mkihesabu, kwa vile watu hatuwahesabu kwa namba: unataja ule mstari wa zaburi wenye maneno kumi, kila mtu neno lake. Maneno tisa ukawagawia wanaume. La kumi likakubaki mdomoni, na mbele yako amekaa mke wa marehemu. Ukalimeza. Yeye alisema nini? Hukuniambia, lakini namjua. Aliinuka akaenda kuwachemshia chai.

Msalimie baba mdogo, namwombea homa ishuke. Msalimie wifi, na yule fundi tuliyemwachia cherehani ya Baba, na mzee wetu anayeongoza sala, hata kama atakuwa upande wako. Barua hii msomee Mama yote, usiruke mahali.

Mwakani nitakuja, mkuu wa shule apende asipende. Nitakaa karibu na Mama nikusikilize ukihesabu. Neno la kwanza mpe yeye.

Mdogo wako,
Raheli