Ijumaa Niliyoirudisha

Jumatatu, 1 Julai

Nimefungua ofisi baada ya chai. Ofisi ni chumba kimoja nyuma ya duka la vitambaa la mume wangu, hapa Kibondo mjini. Asubuhi mambo ya kila siku. Matunzo ya mtoto. Mirathi, ndugu wawili hawatazamani usoni. Wote nimewaambia ninavyosema siku zote: mimi si wakili, ni msaidizi wa kisheria, darasa la saba na mafunzo. Nisichokijua nitakupeleka kwa anayekijua.

Mchana kaingia Mama Nibona. Mjane, mkulima wa kitongoji cha Mwiruzi, Msabato. Wazazi wake walitoka Burundi, yeye ni raia na cheti anacho, hilo halina mgogoro. Mgogoro ni bonde. Mkutano mkuu wa kijiji umempa mfanyabiashara bonde lote la Mwiruzi achimbe mabwawa ya samaki. Wenye mashamba wameambiwa watoke. Mkutano ulikaa Jumamosi, na Mwiruzi nzima ni Wasabato. Jumamosi walikuwa kanisani.

"Tumetoka kusali, tukaambiwa tumeshakubali," kasema.

Nimekasirika. Hasira nzuri, ya kazi.

Jumatano, 3 Julai

Bodaboda mpaka kijijini. Vumbi jekundu hadi kwenye kope. Bonde nimeliona kwa macho yangu. Huko juu kote kumekauka, kule chini maharage yametoa maua na kabichi zinafunga. Ndicho chakula chao mpaka mvua zirudi.

Mwenyekiti wa kijiji kanipokea kwa kicheko na salamu ya Kiha. "Mama Sheria! Mwakeye! Leo umekuja kumfunga nani?" Si mtu mbaya. Anaamini mabwawa yatakiinua kijiji, na wenye maduka pale senta wako pamoja naye. Nikamuuliza kwa nini Jumamosi. Akahesabu kwa vidole. "Jumapili Wakatoliki. Ijumaa ninyi. Jumatatu gulio. Au niite mkutano siku ya nane?"

Nimecheka, sikuweza kujizuia. Kisha nikamwambia, hakuna sheria ya kumtoa mtu shambani bila kumsikiliza. Akaacha kucheka.

Alhamisi, 4 Julai

Kasulu, kwa Wakili Anitha. Kesi za huyu binti ni za raia anayebishana na ofisi. Angeweza kukaa Dar na kula vizuri. Kachagua huku, na miaka yote hii tuliyofanya kazi pamoja sijamsikia akijuta.

Kasikiliza mpaka mwisho. Kasema Mahakama Kuu tunaweza kushinda, ila kesi inakwenda polepole na makoleo hayatasubiri. Kwanza barua wilayani: wenye bonde hawakusikilizwa, kwa hiyo uamuzi usimamishwe na mkutano urudiwe. Kaiandika mbele yangu. Haina neno kali hata moja, na bado inatisha.

Nimerudi moyo mweupe. Alhamdulillah.

Jumanne, 9 Julai

Wilaya imekubali! Mkutano urudiwe, na bonde lisiguswe mpaka hapo. Mama Nibona kanipigia simu. Nyuma yake nasikia kwaya nzima. Nimemwambia mume wangu leo tunakula nyama.

Jumatano, 10 Julai

Tangazo limebandikwa. Mkutano ni Ijumaa, saa saba mchana.

Ijumaa saa saba. Waislamu wa senta watakuwa msikitini. Ni nyumba chache, lakini ndio wanaoyataka mabwawa kuliko wote, maana samaki watauza wao. Bila wao kura ni zetu bila jasho. Mwenyekiti hakufanya ujanja. Alikuwa anaikimbia Jumamosi, akaangukia hapo.

Ningeweza kunyamaza. Hakuna ambaye angenilaumu. Nimesali adhuhuri, nimesali alasiri, na jibu ni lilelile. Silipendi.

Alhamisi, 11 Julai

Nimekwenda kumwambia mwenyekiti abadilishe siku. Kanikodolea macho. "Mama Sheria, wewe uko upande gani hasa?"

Nikapitia Mwiruzi, wasije wakazisikia habari hizo kwa wengine. Mama Nibona alikuwa anapalilia. Kanisikiliza bila kuinuka. "Mungu katupa Ijumaa, wewe unairudisha?" Nikamweleza: siwezi kusema mkutano bila Wasabato ni batili na mkutano bila Waislamu ni halali. Kasema, "Hao ni watu wako, ndiyo maana." Kisha kanipa mgongo.

Imeniuma kuliko nilivyodhani. Si kweli. Wangekuwa Wakatoliki ningesema hivyohivyo. Lakini yeye atajuaje?

Nimempigia Wakili Anitha nikiwa njiani. Kacheka. "Mama, mimi ningelala kwanza, kesho niamue hivyohivyo."

Ijumaa, 12 Julai

Siku imesogezwa. Jumanne alasiri. Mume wangu katoka msikitini akasema watu wanauliza kama kweli nimewatetea wapinzani wangu. Nimesema ndiyo. Sina hofu. Nina huzuni, ni vitu viwili tofauti.

Jumanne, 16 Julai

Sijaona mkutano umejaa vile. Mzee Hamisi wa duka la senta kasimama wa kwanza: "Samaki naye ni chakula, jamani." Mama Nibona kasimama papo hapo. "Na huyo samaki wako atakula nini, mzee? Maharage yangu?" Kijiji kizima kikaangua kicheko, Mzee Hamisi mwenyewe akifuta machozi. Kisha Mama Nibona kazungumza, na safari hii hakucheka mtu. Kasema wanakula nini kiangazi. Kasema wamelima pale tangu baba yake.

Wamepiga kura kwa mikono. Nusu ya juu ya bonde inabaki kwa wakulima. Nusu ya chini inakwenda kwa mabwawa, baada ya mavuno, na wa chini wapewe kwanza mashamba mengine.

Shamba la Mama Nibona liko chini.

Mikono ya Waislamu wa senta ndiyo iliyoamua. Nimeiona yote. Bila wao asingepoteza hata tuta moja.

Alinipita bila salamu.

Alhamisi, 1 Agosti

Nimekwenda na mtendaji wa kijiji kuhakikisha wa chini wamepewa mashamba. Wamepewa. La Mama Nibona ni kubwa kuliko la zamani, lakini liko mlimani, mbali na maji. Nimemwandikia Wakili Anitha tudai na kisima. Tutakipata, tutawasumbua mpaka wachoke.

Mama Nibona alikuwa akichuma maharage kule bondeni. Nikainama nimsaidie. Hakunifukuza.

Je, ningefanya tena? Ningefanya. Nimejiuliza barabara nzima, nikafika nyumbani na jibu hilohilo.

Jumatatu, 12 Agosti

Asubuhi tulivu. Mtu mmoja tu, mambo ya mpaka wa shamba.

Baadaye mlango ukafunguliwa. Mama Nibona, na nyuma yake mwanamke kijana mwenye mtoto mgongoni, jirani yake. Kafiwa na mume, shemeji zake wanataka nyumba. Mama Nibona hakukaa. Kamsukuma mbele taratibu, kanionyesha kwa kidevu.

"Huyu ndiye aliyenikosesha bonde. Mweleze yote, usimfiche kitu."

Nikamvutia kiti.