Karatasi Zako Hazidai Nywila

Dada yangu mpendwa,

Pokea salamu kutoka kwa mdogo wako, mwenye afya njema, mwenye kitambi kidogo cha heshima, na mwenye jambo zito kifuani ambalo nitalitua nikishapata ujasiri. Magoti yako yanaendeleaje? Niliambiwa siku hizi unatembea kwa kushika ukuta. Nikabisha, nikasema dada yangu hashiki ukuta, ukuta ndio unamshika yeye usianguke. Shemeji naye vipi, bado anakoroma mpaka majirani wanagonga? Wanao wote wabusu kwa niaba yangu, hata yule mkubwa aliyeota ndevu, mbusu tu, atakasirika kisha atapoa.

Sisi huku hatujambo. Wifi yako ndiye aliyekuletea barua hii kwa mkono wake, pamoja na furushi lililofungwa kwa uzi mwekundu. Nakuomba usilifungue kwanza. Soma mpaka mwisho, kisha fungua, au mrudishe nalo anipige nalo kichwani. Nimemruhusu.

Najua ni miaka miwili sijakuandikia mstari. Si kwamba sikuwa na la kusema. Mimi huyu nikose la kusema! Ila kila nikishika kalamu nakumbuka tulivyoachana, naitia kalamu sikioni, natoka nje kubishana na kinyozi.

Duka liko palepale, kati ya kinyozi na muuza rangi. Ile mashine ya kudarizi uliyoikimbia bado ipo, na sindano zake sita, ikishona unadhani mvua imeshuka kwenye bati. Watu wanatoka mtaa wa tatu kuja kuitazama, nami najifuta mikono hata kama haina kitu, naeleza. Mimi niliyeacha shule darasa la sita kwa sababu walimu waliishiwa, leo wenye digrii wananiita Injinia. Sijawahi kumkataza mtu.

Mwezi uliopita akaja matroni wa chuo cha wauguzi, mama mrefu, mkavu, anayekagua viti kabla ya kuvikalia. Aliona foronya zetu dirishani, zile zenye ua la petali saba na moja imejikunja. Akasimama mbele yake muda mrefu. Kisha akasema anataka ua lilelile, dogo la kutosha kukaa kifuani, kwenye aproni sitini za wasichana na wavulana wanaohitimu. Akauliza nitaweza kabla ya mahafali? Nikamwambia mama, uliza kama jua litachomoza. Akauliza pia nani alilichora. Hapo nilijibu vizuri sana, na jibu lenyewe nitakuja kulitapika huko chini.

Basi nikafungua kompyuta ili nilipunguze ua. Dada, kompyuta ikanikatalia. Ikaandika kwamba usajili wangu umekwisha, nichague kifurushi: Shaba, Fedha au Dhahabu. Nikacheka. Nikaiambia wewe programu nilikununua zaidi ya miaka miwili iliyopita, nikapewa na stakabadhi, ikaandikwa ni ya kudumu. Ikaendelea kunionyesha Dhahabu.

Kosa nililifanya mwenyewe, na nakuambia wewe tu. Miezi michache nyuma kompyuta iliniomba ruhusa ya kujiboresha, ikaahidi maua mapya mia mbili. Yakaja maandishi ya Kiingereza, marefu, kila ukishuka yanaongezeka. Dukani walikuwapo wateja wawili, nawe unanijua mbele ya watu. Nikayashusha polepole, natikisa kichwa, mara nakunja uso kama hakimu, mwisho nikabonyeza Nakubali. Wifi yako akauliza wamesema nini. Nikamwambia wanatushukuru kwa ushirikiano wetu. Kumbe siku ile niliirudisha programu yangu ya kudumu na kupokea ya kupanga, ya kodi ya kila mwezi, na nikatabasamu.

Nikapiga simu kwa wenye programu. Mashine ikaniambia nibonyeze moja, kisha nne, kisha nyota, kisha ikanipigia kinanda. Kinyozi alimaliza vichwa vitatu kinanda kikiendelea. Akaja msichana mwenye sauti ya asali, akanieleza kwamba sikununua programu bali ruhusa ya kuitumia, na ruhusa hubadilika. Nikamwuliza mashine ni yangu? Akasema ni yako. Kompyuta? Yako. Uzi, kitambaa, umeme? Vyako vyote. Na ua? Akasema ua pia ni lako kabisa, ila limo kwenye faili, na faili hufunguliwa na programu. Nikamwambia mwanangu, yaani suruali zangu zote zimo kabatini na ufunguo unao wewe, mimi natembea barabarani tajiri wa suruali, miguu mitupu. Akacheka, maskini, akacheka kweli. Halafu akaniuliza kwa adabu kama nimeamua Fedha au Dhahabu.

Kulikuwa na kifurushi cha kujaribu, bure kwa siku saba. Nikakichukua, si unajua mimi na bure. Kikafungua, nikalipunguza ua, nikatia aproni ya kwanza kwenye mashine, sindano sita zikaondoka. Ilipomaliza, juu ya ua, kutoka bega hadi bega, ilikuwa imeshona neno JARIBIO kwa uzi mweusi. Aproni ya muuguzi, dada! Mgonjwa akiamka akamwona anamjia na sindano na kifuani kumeandikwa JARIBIO, si atachomoka dirishani na dripu yake? Wifi yako alicheka mpaka akakaa sakafuni. Mimi nilicheka kidogo, kwa sababu kitambaa kilikuwa cha matroni.

Nikameza mate, nikalipia Fedha. Ikashona moja safi kabisa. Siku iliyofuata ikajifunga, ikisema leseni yangu ni ya kompyuta moja na mimi nimeonekana kwenye mbili. Nikatazama duka zima kuitafuta hiyo ya pili. Kumbe ni hiihii, fundi alikuwa ameibadilishia kifaa kimoja ndani kilichoungua, nao wakaiona mgeni. Nikapiga simu tena, kinanda tena. Safari hii nilipiga kelele mpaka muuza rangi akatoka nje. Nikawaambia huwezi kumfungia mtu kazi ya mkono wake! Mtu amekaa, amechora, amekesha nayo akilini, ukaitia kufuli ukamwambia ndiyo ni yako lakini huipati! Niliongea vizuri, kila niliyemtazama alikuwa ananiunga mkono.

Isipokuwa wifi yako. Alikuwa anapiga pasi. Akaisimamisha pasi, akaenda chumba cha nyuma, akatoa vitambaa vya zamani, akatoa sanduku la bati, akaja akaliweka mbele yangu juu ya meza, taratibu, kama mtu anayemwekea mgeni chai.

Ndani yake zilikuwa karatasi zako.

Ndiyo, dada. Zilezile. Tulia, usiichane barua, nimesema nitafika.

Zote hamsini na tatu, zimelala moja juu ya moja, zimetobolewa kwa sindano kila mstari, tundu kwa tundu, kama ulivyotufundisha. Nikatoa ya ua. Mikono ilikumbuka. Nikasaga chaki, nikaitia kwenye soksi, nikaweka karatasi juu ya aproni, nikaipigapiga kwa soksi ile, vumbi likapenya matunduni. Nilipoiinua, ua lilikuwa pale, la vumbi la samawati, zima, na petali yake iliyojikunja. Karatasi yako haikuniuliza nywila. Haikutaka kujua niko kwenye kompyuta ya ngapi. Haikushona neno lolote juu ya ua la mtu. Nilikaa nikaitazama, nikasema asante kwa sauti, dukani, mchana kweupe, kinyozi ni shahidi.

Nililitaka dogo, nawe ulikuwa umelitoboa kwa saizi tatu, moja ndani ya nyingine, kwa rangi tatu za kalamu pembeni. Nani alikufundisha kuwaza mbele hivyo? Tulitoa ile cherehani yako ya miguu, tukaitia mafuta, nikafunga kitambaa kwenye fremu, nikashona kwa kukisogeza kwa vidole kama zamani. Ua la kwanza lilitoka kama buibui aliyekanyagwa. La tano lilikuwa ua. Wifi yako anashona bora kuliko mimi, sema usimwambie, na kama anasoma hapa begani kwako basi ameshajua. Tumekamilisha aproni thelathini na nne, pamoja na ile ya JARIBIO tuliyoifumua. Vidole vyangu vina matundu kama karatasi zako, mgongo unauma, na sijawahi kuipenda kazi hii namna hii tangu nilipokuwa nakaa chini ya meza yako kukuokotea sindano.

Sasa nifike.

Siku ulipoondoka uliniomba kitu kimoja tu. Hukuomba cherehani, hukuomba meza. Nilikuwa nimekuambia mbele ya wateja kwamba sasa tuna mashine, mikono haina kazi tena, na wewe hukunitukana, ulisema tu basi nipe karatasi zangu niende. Nikakujibu kwamba zilitupwa siku tulipopaka duka chokaa. Ulitazama ukuta, ukanitazama mimi, ukachukua mkoba.

Hazikutupwa. Zilikuwa chumba cha nyuma, hatua tisa kutoka uliposimama. Nilizihitaji. Nilizipiga picha moja baada ya moja, nikaziingiza kwenye kompyuta, na pale palipoulizwa jina la mbunifu niliandika langu, mara hamsini na tatu. Mimi sijawahi kuchora hata jani. Kila foronya iliyotoka duka hili kwa miaka miwili ni wewe. Na matroni alipouliza nani alichora ua lile, alikuwa anataka kuliweka jina kwenye kitabu cha mahafali. Nikamwambia ni mimi. Akauliza kwa nini petali moja imejikunja. Nikamwambia mama, hiyo ni falsafa ya sanaa.

Falsafa! Nami nilikuwapo wodini siku ulipolichora, nimekaa miguuni pa kitanda cha mama yetu, wewe unachora mgongoni mwa kadi ya dawa, muuguzi akaingia ghafla kuleta habari njema kwamba homa imeshuka, ukashtuka, mkono ukateleza. Ukasema iache hivyohivyo, ndiyo petali iliyosikia kwanza.

Wifi yako alipoweka sanduku juu ya meza alisema hivi tu: hayo uliyowaambia kwenye simu, mwambie na dada yako. Akarudi kwenye pasi. 

Nilishona aproni thelathini na nne nikiyatafuna maneno hayo, kisha nikaenda chuoni. Nilivaa shati la Injinia lakini niliongea kama mwizi. Nikamweleza matroni yote, na la petali pia. Alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akaniambia anawafundisha vijana wake wasiingize kwenye daftari la wodi kitu ambacho hawakukifanya wao, na kwamba atanipa mpaka Ijumaa ya wiki ijayo: nimletee jina la mwenye ua, kwa ridhaa ya mwenye ua, ama nimrudishie kitambaa chake na tuagane vizuri. Nikamshukuru. Nilimshukuru kweli, si kwa mdomo.

Kwa hiyo, dada, kwenye furushi zimo zote hamsini na tatu, pamoja na ua. Sikunakili hata moja. Aproni ishirini na sita bado ni nyeupe, zimekunjwa mezani, na siwezi kuzigusa. Ukisema hapana, nitarudisha kitambaa chote, hata hizo thelathini na nne tutazifumua uzi kwa uzi, na sitanung'unika, au nitanung'unika kwa kinyozi tu. Ukisema ndiyo, mpe wifi yako lile ua, na jina unalotaka liandikwe, uliandike kwa mkono wako. Zile zilizo kwenye kompyuta siwezi hata kuzifuta, wamezifungia humo na jina langu juu yake, na hilo ndilo linaloniuma kuliko kodi yao. Lakini sitawalipa tena, na popote nitakapoulizwa, nitataja aliyechora.

Asante kwa matundu yote yale uliyotoboa bila kujua nitakuja kuyahitaji. Asante kwa kunifundisha kabla sijaanza kujiona najua. Hata ukikataa, nimeshapewa zaidi ya stahili yangu.

Utaliona ua liko juu kabisa. Bado lina chaki. Nilitaka kulifuta, nikaona niache, maana sikujua mwenye ua angependa lifutwe au la.

Msalimie shemeji, wape watoto pole kwa kuwa na mjomba kama mimi, na mpe wifi yako kiti kizuri, amesafiri mbali kwa ajili ya mdomo wangu. Mwache apumzike siku mbili kabla ya kurudi. Mimi nitakuwa dukani, mlango wazi, namsubiri.

Ni mimi mdogo wako,
mshonaji.