Samaki Uliotuachia

Kaka yangu mpendwa,

Hujambo wewe, hajambo wifi yangu, na wanao wazima? Sisi huku tunapumua. Mguu wangu umepona na paa la jikoni halivuji tena. Salamu nazikatia hapo, maana nina hasira na wewe, na nisipozitoa leo zitanila mwenyewe.

Ujumbe wako niliupata. Umeniita mvivu. Umesema samaki wako kumi na mmoja wa maji ya chumvi, uliowaagiza mmoja mmoja, wamekufa kwa uchafu wangu, na kwamba tangi moja limenishinda, mtu mzima na akili zangu. Haya, kaa kitako usome.

Halikunishinda. Kila Jumamosi nilitoa ndoo tatu za maji ya zamani, nikakoroga chumvi kwenye maji mapya, nikapima kama ulivyonifundisha: matone kwenye kichupa, natikisa, nasubiri, nalinganisha rangi na kadi. Naitreti, ile sumu ya uchafu wa maji, ilikuwa kumi, ikizidi sana ishirini. Mwezi wa tatu ikasoma arobaini. Nikadhani nimekosea matone. Jumamosi iliyofuata, themanini, kichupa chekundu kabisa. Nikaongeza ndoo, nikaosha chujio, nikapunguza chakula. Ikazidi kupanda. Yule wa njano akasusa kula. Wale wawili wa mistari wakawa wanahema haraka haraka juu ya maji, rangi imewafifia, mapezi yanaliwa na ugonjwa ambao wangekuwa na nguvu wangeushinda.

Nikaenda kwa muuza samaki wa mapambo. Akaniambia naitreti haidondoki kutoka mbinguni. Inatokana na kinyesi chao na chakula kinachooza, kwa hiyo nikamtafute anayewalisha. Nikamwapia kwamba nalisha mimi peke yangu. Akaguna tu.

Kesho yake sikwenda kazini. Nilikaa jikoni, mlango wazi, tangi nikiliona. Saa mbili asubuhi baba akaja na kikopo cha chakula, akawalisha, akaenda zake. Saa tatu kasorobo akarudi. Akawaambia, "Poleni wanangu, leo mmecheleweshwa." Hadi adhuhuri alikuja mara saba, na kila mara aliwaonea huruma upya. Chini ya kitanda chake nilikuta vikopo vitupu kumi na vinne, amevinunua mwenyewe.

Kaka, si nilikwambia mwaka jana kwamba baba anasahau? Ukasema ni umri tu, nisimzeeshe. Nilikwambia kaweka viatu kwenye friji, ukacheka mpaka ukakohoa. Daktari alitaka tuje wote wawili, ukasema kazi zimekubana. Kumtazama baba huna nafasi, ila kuulizia samaki kila wiki unayo!

Sasa lililobaki ni langu, na sipendi kuliandika. Samaki wa mwisho alipokufa nilimfokea baba. Nilimwambia amewaua yeye kwa mikono yake. Alikaa sakafuni akalia, kaka, baba yetu yule. Asubuhi alikuwa ameshasahau. Akasimama mbele ya tangi tupu akaniuliza nani kawaua. Sikuweza kumliza tena, na nilikuwa nimejaa hasira na wewe, nikakutaja. Nikamwambia ni mwanao mkubwa, aliacha maagizo mabaya. Nilijua hadi jioni litakuwa limemtoka.

Halijamtoka. Jina langu linampotea, siku zinampotea, hilo limeganda. Ndiyo maana ukipiga simu anaikata. Nimejaribu kumwambia si kweli. Anasema namtetea ndugu yangu.

Sikuombi msamaha kwa barua, na wala usinitumie ujumbe mwingine. Panda gari uje. Atakutukana, nakuhakikishia, tena mbele ya watu. Kubali akutukane, maana siku hiyo utakuwa bado ni mtu anayemjua.

Mpe wifi salamu zangu, na watoto uwabusu kwa niaba ya shangazi yao.

Ni mimi,
mdogo wako.