Darubini Itakayofika Mpofi

Mpendwa Mama,

Leo nimechagua, na Papa Innocent amenuna. Ni mwalimu mwenzangu wa hesabu hapa Masisi. Shule yetu inaweza kupata darubini moja tu, na duka la Goma lina mbili: kubwa yenye kioo ndani, nene kama ndoo ya maziwa, na nyembamba inayoingia kwenye mfuko wa mgongoni.

"Dada, tuchukue ile kubwa," alinisihi. "Inaonyesha nyota mingi. Batoto bakiona kidogo, batatucheka."

Hakukosea. Lakini kile kioo kikitikiswa sana hukaa upande, na nataka darubini ifike hadi kwenu Mpofi. Wewe unaijua njia ile: pikipiki inaruka, abiria anaruka, mzigo nao unaruka.

Unakumbuka jioni za kiangazi, Mama? Ulikuwa ukiniita tusimame malishoni, huku maharagi yanaungua na shangazi anapiga kelele. Ulimjibu bila kugeuka.

"Muniache niangalie! Kwetu mu pori, mbingu iko kipande tu kati ya miti."

Nilikuwa nakuona mtu wa ajabu. Siku hizi mimi ndiye ninayeunguza maharagi.

Halafu mwaka ule wa ugonjwa wako, mgeni mmoja alituazima darubini yake. Nilitaka uuone mwezi kwa karibu kabla hujazidiwa. Wewe ukaiingiza jikoni ukaiweka karibu na mbabula, ipate joto la makaa kama mgeni yeyote aliyetoka kwenye baridi. Mvuke wa sufuria ukajaa kwenye kioo chake. Tulipoitoa nje, mwezi ulikuwa doa jeupe tu.

"Mwezi yenu nayo iko na ukungu ya Masisi," ulisema, tukacheka hadi ukakohoa. Kioo hakijakauka, mawingu yakafunga. Mgeni akaondoka na chombo chake, nawe hukukaa sana. Inaniuma mpaka leo.

Kwa hiyo nimeagiza ile ndogo. Wanafunzi wangu wataanza nayo, na likizo nitaibeba mwenyewe hadi Mpofi, niisimamishe kwenye uwanja wa mpira, penye mbingu pana. Barabara ikiwa mbaya, nitashuka nitembee. Mdogo wako aliyeko huko ameshaniambia kwa simu:

"Mimi njo nitaangalia wa kwanza, hata batoto balie."

Walie tu. Nani mwingine amebaki na macho yako?

Pumzika, Mama. Mwezi niachie mimi.

Kifungua mimba wako