Orodha Tatu za Tom

S.L.P. 1386,
Kisumu.
Jumapili, 1 Agosti 1993

Mpendwa ndugu yangu Dalmas,

Salamu kwanza, maana nikianza na yaliyo moyoni nitazisahau. U hali gani huko Canada? Mkeo Jentrix naye, ile miguu yake inayovimba akitoka zamu hospitalini imepata nafuu? Sisi huku tu wazima. Mahindi ya Asembo yamekauka vizuri, na sisi walimu tumefunga shule Ijumaa, mimi nikiwa na sauti kidogo tu iliyobaki. Mama anakula, anasali, anagombana na kuku. Macho yake nitayafikia.

Mwanao pia ni mzima. Yuko hapa kwangu Kaloleni tangu tarehe kumi na nne Julai, na ninajua kwamba unajua, kwa sababu Jentrix ndiye aliyemkatia tikiti. Nisichokijua ni kwa nini wiki mbili na nusu zimepita na hujainua simu kuuliza kama alifika.

Dalmas, nimechoka na wewe. Nasema hivyo nikiwa dada yako mkubwa niliyekubeba mgongoni mpaka nikapinda, kwa hivyo vumilia usome.

Tuanze na Disemba. Uliandika kwamba mtakuja wote Aprili. Nilimsomea Mama barua hiyo mara tatu. Alikuwa ametoka kwa daktari, jicho la kushoto limekwisha, la kulia bado linaona, na alisema basi Aprili si mbali, atamwangalia Tom vizuri. Mara ya mwisho alimwona akiwa na miaka saba, hana meno mawili ya mbele.

Februari ukaandika tena. Hamji. Tom akikosa mechi hata tatu, nambari yake itashuka. Ndiyo mara yangu ya kwanza kusikia kwamba mtoto wetu ana nambari. Ukatueleza kwa kurasa nne jinsi timu za ile ligi kubwa ya hoki ya barafuni zinavyokaa siku moja mwezi wa Juni na kuchagua vijana kwa zamu, na jinsi kabla ya siku hiyo wajuzi wanavyowapanga vijana hao kwenye orodha, wa kwanza mpaka wa mia tatu. Kuhusu jicho la Mama hukuuliza hata mstari mmoja.

Nilimweleza Mama. Akasema, "Sawa. Acha afanye kazi yake."

Pasaka bahasha yako nyingine ikafika na orodha tatu ulizokata magazetini. Orodha ya ligi yenyewe ilimweka Tom arobaini na nne. Jarida moja likamweka tisini. Gazeti la mji wenu likamweka thelathini na moja. Hukujua ulichotufanyia. Nyumba yangu haikupata amani tena mpaka Juni.

Kaka yetu Dishon alikuja kutoka Asembo Bay na samaki wa Pasaka, akakuta jirani yangu Mzee Walubengo kwenye kochi na daftari. Unamkumbuka Walubengo, aliyestaafu Posta, ndiye mwenye simu hapa kwenye safu yetu ya nyumba. Alikuwa amepiga mistari kwa rula, amejumlisha orodha zote tatu na kugawanya.

"Tom ni wa hamsini na tano," akatangaza.

"Hamsini na tano imetoka wapi?" Dishon akawaka. "Hapa kuna thelathini na moja! Imechapishwa! Chukua thelathini na moja, maliza."

"Hesabu ni hesabu, Bwana Dishon. Huwezi kuchukua ile unaipenda tu."

"Wewe unajua nini juu ya barafu?"

"Ile tu unajua wewe."

Wakaendelea hivyo chakula kikipoa. Kama mambo yangeishia hapo, ningecheka. Lakini Walubengo, kwa kusoma sana zile karatasi zako, alikuwa amempenda kijana mmoja kutoka Finland, golikipa, wa kumi na mbili kwenye orodha zote. Alimsifu kama mkwe wake. Dishon aliona ni usaliti. Ati mtu anakunywa chai yetu na anashangilia Mfini! Akasimama na kumwuliza, "Huyo Mfini umemwona wapi?"

"Na wewe," Walubengo akajibu polepole, "Tom umemwona wapi?"

Fikiria, Dalmas. Tulikuwa watu wazima wanne katika chumba kile tukijua uzito wa mtoto wako kwa ratili, na hakuna hata mmoja ambaye angemtambua kwa sauti yake. Mama alikuwa kwenye kiti chake karibu na mlango. Akauliza, "Hao wanaoandika, kuna mmoja amekula na yeye?" Nikatoka nje kuosha vyombo ambavyo havikuwa vichafu.

Halafu Juni. Uliahidi kupiga simu siku ile atakapochaguliwa, ambayo huku ingekuwa Jumapili asubuhi. Dishon alimleta Mama kutoka Asembo, akaleta na wazee watatu wa kanisa lake. Mke wa Walubengo alipika chapati tangu alfajiri. Tuliizunguka simu ile kama tunaangalia mgonjwa. Ililia mara moja tu, mtu akiuliza kama Walubengo bado anauza baiskeli. Saa kumi na mbili jioni wazee waliaga kwa adabu, na hiyo adabu iliniuma kuliko kama wangecheka.

Jumapili iliyofuata Dishon alisimama kanisani Asembo akasema laini za simu za ng'ambo zimeharibika. Ndugu yetu, mzee wa kanisa, alidanganya madhabahuni kwa ajili yako. Wewe kimya. Sikuandika. Nilikuwa nangoja.

Aliyekuja ni Tom. Alishuka treni ya asubuhi kutoka Nairobi, akauliza njia mpaka Kaloleni, na nilipofungua mlango nilikuta kijana amejaza fremu yote, begi begani. "Habari, Waya," akasema. "Mimi ni Tom." Kana kwamba ningemdhania mtu mwingine na ile pua ya Baba! Lakini kuniita Waya, kama mtoto yeyote wa Asembo anavyomwita dada ya babake, hilo sikulitarajia. Asante Jentrix. Mwanamke wa Bungoma, asiyezaliwa Mjaluo, ndiye aliyemfundisha mtoto wetu Dholuo kidogo anayojua, wewe ukiwa unampima urefu.

Siku mbili za kwanza alilala na kula. Siku ya tatu maji yalipotea nyumbani, tukapanga foleni kwenye bomba la nje na ndoo zetu, na hapo ndipo aliponieleza, kwa Kiswahili chake cha kurukaruka, macho kwenye ndoo.

Alisema mlikaa kwenye ukumbi ule, amevaa suti uliyomshonea. Majina yaliitwa, hamsini, mia, mia mbili. Wewe ulikuwa na orodha zako mapajani na kalamu, unafuta. Mfini aliitwa mapema. Vijana aliowashinda mwaka mzima waliitwa, wakakumbatiwa na baba zao. Mwisho wafanyakazi walianza kukunja viti, na nyinyi mko palepale. Jina lake halikuitwa.

"Baba hakusema kitu?" nikamuuliza.

"Ndani ya gari, Waya. Masaa sita tuliendesha. Alisema kitu moja. Alisema, 'Nilikuambia uongeze uzito.'"

Ndoo yake ilikuwa imejaa na maji yanamwagika, na hakuna mtu kwenye foleni aliyetupigia kelele.

Alisema tangu siku hiyo ulihamia chumba cha chini na karatasi zako, na mkikutana jikoni unamwangalia kama barua ya mtu mwingine iliyoletwa kwako kimakosa. Ndipo mama yake akamwambia aende kwa nyanya yake.

Nilimpeleka Asembo Jumamosi hiyo. Sasa sikiliza habari ya jicho. Tangu mwisho wa Mei, la kulia nalo limefunga. Anaona mwanga na kivuli, basi. Daktari anasema hili linaweza kupasuliwa, na tumepewa tarehe ya Septemba, lakini hakuahidi. Aprili alikuwa anaona, Dalmas. Aprili angemwona mjukuu wake kwa macho, na hizo mechi tatu hazingemsaidia mtoto wala kumdhuru.

Tom alipiga magoti mbele ya kiti chake. Mama akamshika uso kwa mikono miwili, masikio, kidevu, akapitisha kidole kwenye kovu la juu ya nyusi. "Hii ni nini?"

"Gongo la hoki, Dani," akajibu, akimwita nyanya yake kwa Dholuo.

"Nani alikupiga?"

"Rafiki yangu. Kwa bahati mbaya."

"Meno yako yaliota?" Tom akacheka, akakishika kidole cha Mama na kukipitisha kwenye meno yake, moja moja, na Dishon aliyekuwa ameandaa hotuba nzima juu ya nambari thelathini na moja akatoka kwenda kuangalia ng'ombe.

Anaendelea vizuri. Walubengo alimwonyesha lile daftari, mimi nikitamani ardhi inimeze. Tom alilisoma lote, akasema, "Huyu Mfini ni mzuri kweli, Mzee." Walubengo ametembea wiki nzima akimweleza kila mtu. Nilimpeleka shuleni kwetu pia, wasichana wa darasa la saba wanacheza hoki ya nyasini. Alijaribu gongo lao fupi, akaanguka mara mbili, wasichana wakamcheka mpaka wakaketi chini, na yeye akacheka. Ndiyo mara yangu ya kwanza kuyaona hayo meno yote.

Sasa jambo ambalo limenifanya nishike kalamu. Jentrix alipiga simu Alhamisi. Kuna timu moja imemwandikia. Haikumchagua siku ile, lakini inamwalika kwenye kambi ya majaribio Septemba, na inataka jibu kabla ya tarehe ishirini mwezi huu. Anasema barua ilikuwa mezani siku nne, umeisoma, hujasema neno.

Nilimuuliza Tom kama anataka kwenda. Alikuwa anamenya viazi. 

"Nataka kucheza, Waya. Napenda sana kucheza. Lakini nikienda, Baba ataanza tena kuandika. Na nikikosa, sitakuwa na nyumba ya kurudi."

Mtoto wa miaka kumi na minane anasema hana nyumba ya kurudi, na babake yuko hai, ana afya, ana simu ukutani! Dalmas, una akili gani? Baba yetu alikusindikiza mpaka uwanja wa ndege akiwa na viatu vya kuazima, na ulipofeli mwaka wa kwanza huko alikuandikia nini? Ninajua, kwa sababu mimi ndiye niliyeiandika kwa mkono wangu, yeye akinitajia maneno. Sitayarudia hapa. Itafute barua hiyo kama bado unayo.

Sikuombi usiwe na huzuni. Ulimwamsha saa kumi alfajiri miaka kumi kumpeleka kwenye barafu, najua, Tom mwenyewe ameniambia, na alisema kwa shukrani. Ninaomba umpigie simu. Usimtajie nambari yoyote. Muulize tu amelalaje.

Jumanne jioni

Nilitaka kuipeleka barua hii posta jana, wafanyakazi wakawa wamegoma. Sasa umepiga.

Naituma hata hivyo. Yote niliyoyaandika bado nayasema, na posta inatoza sawa ukiwa na hasira au la.

Nitakuambia tulivyokuona kutoka upande huu, maana hukuweza kujua. Mke wa Walubengo alikuja mbio na mikono ya unga. Tom alikwenda bila viatu. Alikaa kwenye ukingo wa kochi, simu sikioni, na kwa muda mrefu hakusema kitu ila "Ndiyo, Baba." Halafu akasema, "Hapana, sikukasirika." Halafu akageukia ukutani, na Walubengo akatutoa sote nje kama askari, hata mke wake, hata mimi. Tukasimama kwenye mlango wa jikoni tukijifanya tunazungumza bei ya unga.

Alipotuita alikuwa na macho mekundu. Akasema atakwenda kambini, na kwamba unataka kwanza amalize wiki na nyanya yake. Na kwamba hutakwenda naye, utamngojea nyumbani. Akiitwa, sawa. Asipoitwa, utakwenda kumchukua kituoni. Hayo ndiyo aliyonieleza. Mengine ni yenu.

Bahati nzuri Mama yuko kwangu tangu jana kwa vipimo vya jicho, naye akapewa simu kabla hujakata, sikio langu karibu na lake. Ulisikia alivyokuuliza. Wewe ulikuwa umeshaanza kujieleza, Aprili, orodha, barua ambazo hukuandika, na yeye akakukata: "Dalmas, umekula?"

Dishon anakusalimu. Anasema utakapokuja utasimama kanisani Asembo wewe mwenyewe ueleze habari ya laini za simu. Mzee Walubengo na mkewe wanawasalimu, na anauliza kama Mfini amepewa jezi. Mpe Jentrix salamu zangu kabla hujala chochote leo, na umwambie kwamba katika ukoo huu wote yeye ndiye mwenye akili. Mungu akulinde barabarani wakati wa theluji, alainishe moyo wako, na ashike mkono wa daktari wa Mama mwezi ujao.

Mama ameniuliza kwa nini ulinyamaza ghafla alipokuuliza kama umekula, na ile sauti ya kukwaruza ilikuwa ni nini. Nimemwambia Canada ni mbali, simu hukwaruza.

Dada yako akupendaye hata ukinichosha,
Milka Awuor